Fungu ni la wote, ufunguo ni wa mmoja

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, wafanyabiashara wazee na viongozi wa mitaa

 Tunajua leo ni siku ya soko. Kila saa mnayokaa hapa ni saa ambayo meza imefunikwa na mteja anakwenda kwa jirani. Kwa hiyo hatutazunguka.

Sisi tunaosema nanyi ni kamati ya upatanisho. Baadhi yetu tumeuza chumvi, sabuni, haragwe na vikwembe tangu wakati wa Zaire, na wengi wetu tumeshapita miaka 60. Kazi yetu ni kuketi na watu wanaogombana. Tulipoanza tulidhani tutasikiliza zaidi ugomvi wa makabila na wa mipaka ya mashamba. Ugomvi huo upo, nanyi mnaufahamu. Lakini migogoro mingi iliyofika mlangoni petu ilitoka ndani ya nyumba moja, kati ya watoto wa baba mmoja, siku chache baada ya mazishi. Na kitu kilichogombaniwa kilikuwa kidogo: meza ya sokoni, pikipiki mbili, cherehani tatu, mashini ya kusaga.

Ndiyo maana leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wazee hatulipendi. Nani atashika kazi yetu siku mikono itakapochoka?

Mota iliyouzwa vipande vipande

Tuanze na kisa tulichokiona wenyewe. Majina hatutayataja, kwa sababu familia hiyo bado ina majeraha.

Mzee mmoja alikimbia kutoka upande wa Masisi akafika pembeni ya Goma na mke, watoto saba na fedha kidogo alizoshona ndani ya koti. Alinunua mota kuukuu, akamtafuta fundi, akafungua mashini ya kusaga muhogo na mahindi. Mama wa mitaa mitatu walisaga kwake. Alikopesha, akalipwa. Alikopa mazuti, akalipa. Yote aliyaweka kichwani. Kijana wake wa pili ndiye aliyeifahamu mota ile: akisikia mlio tu alijua mkanda umelegea au nyundo zimekwisha.

Mzee alikufa kwa ugonjwa wa siku tano. Siku ya nne baada ya kuzika, ndugu zake marehemu walikuja na kufuli. Walisema mali ya kaka yao ni ya ukoo. Kijana wa kwanza, ambaye hakuwahi kushika spana, alisema yeye ndiye mkubwa, basi ufunguo ni wake. Mama mjane alisema nusu ya fedha za kununulia mota zilitoka kwenye likirimba yake, lakini hakuwa na karatasi. Mwenye kuuza mazuti alikuja na deni ambalo hakuna aliyelijua. Na wale waliokuwa wakidaiwa na mzee walikaa kimya.

Tuliketi nao mara sita. Mara ya sita tulikuta mota imekwisha kuuzwa vipande vipande, na kila mmoja ameondoka na fedha isiyotosha hata karo ya mtoto mmoja. Mama alibaki katika nyumba ya kupanga. Yule kijana wa pili, fundi, alibaki bila kazi. Alikaa barabarani miezi michache, kisha akaondoka na vijana wengine kuelekea porini. Hadi leo mama yake anatuuliza kama tumesikia habari zake.

Ndugu, mashini moja ililisha watu kumi. Haikuharibiwa na bomu. Iliharibiwa na neno ambalo mzee hakulisema wakati alipokuwa na nguvu za kulisema.

Kwa nini tunanyamaza

Tusiwalaumu wazee, maana wazee ni sisi wenyewe. Tunanyamaza kwa sababu nne.

Kwanza, tunaogopa kuita kifo. Mtu akitaja mirathi, watu humtazama kana kwamba anamwombea mzee mabaya.

Pili, tunaogopa kuwekwa kando. Tunasema: nikimpa mtoto ufunguo leo, kesho atanipa chakula kwa masimango. Hofu hii ina sababu. Mwalimu au karani aliyechangiwa katika CNSS, ile iliyokuwa ikiitwa INSS, ana mahali pa kudai pensheni. Lakini pensheni ile hujengwa na michango ya mwajiri na mfanyakazi. Mama anayeuza sambaza hana mwajiri. Pensheni yake ni meza yake.

Tatu, tuna watoto wengi, pengine wa mama wawili, na tunajua tukimchagua mmoja wengine watakasirika. Basi tunaacha, ili wakasirike sisi tukiwa hatupo.

Nne, na hii ni ya sisi tuliokimbia: tunasema hatuna cha kurithisha, vita vimechukua vyote. Hapo tunakosea. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya Goma, maduka mengi yalifukiwa na mawe ya moto. Mfanyabiashara aliyekuwa na jina zuri alipata bidhaa kwa mkopo akaanza upya. Aliyekuwa na jina baya hakupewa hata gunia moja. Kwa hiyo ukikimbia bado una mali: jina lako, wateja wako, wanaokudai na unaowadai, ujuzi wako, na parsele uliyoiacha nyuma. Lakini mali ya namna hii ndiyo inayokufa upesi mwenyewe akifa kimya.

Tulishaona hili mwaka 1973

Wazee wenzetu wanakumbuka. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa Wazairwa. Maduka ya Wagiriki, Wahindi, Wareno na Wabelgiji yalipata wenyewe wapya. Wengi wa waliopewa hawakujua bidhaa inaagizwa wapi, wala nani analipwa kwanza. Waliuza vilivyokuwa kwenye rafu, wakala fedha, na rafu zikabaki tupu. Kufika mwaka 1976 serikali yenyewe ilikuwa ikiwaita wenye mali wa zamani warudi.

Hatusemi haya ili kuwasifu wageni. Tunasema kwa sababu somo ni moja kwa nchi na kwa nyumba: kumpa mtu ufunguo siyo kumpa kazi. Biashara ni kujua, na kujua hakuhamishwi kwa siku moja.

Sheria inasema nini

Watu wengi hutuambia, "Sisi ni wakimbizi, sheria haituhusu." Siyo kweli. Kukimbia hakufuti haki. Sheria ya familia ya Congo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, na ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Tuyashike mambo haya.

Watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza. Wanapata robo tatu ya mirathi, na wanagawana sawasawa, msichana kama mvulana. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anahesabiwa pia, kama baba alimtambua kisheria wakati wa uhai wake. Robo inayobaki ni ya mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Basi wale baba wadogo waliokuja na kufuli walikuwa na sehemu ndogo, lakini hawakuwa na haki ya kufunga mlango.

Mjane au mgane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Kama kuna biashara inayoambatana na nyumba hiyo, ana nusu ya matumizi na matunda yake, na nusu nyingine ni ya watoto. Tena, kama mume na mke hawakuchagua utaratibu mwingine wakati wa ndoa, mali waliyoichuma pamoja ni ya wote wawili. Nusu ya mama siyo mirathi. Ni yake tangu mwanzo, inatolewa kwanza. Lakini ili adai haya, ndoa lazima itambuliwe na sheria. Ndoa ya kanisani au ya msikitini peke yake haitoshi. Ndoa ya mila inaweza kuandikishwa kwa ofisa wa eta sivili. Wazee mlioishi pamoja miaka 30 bila karatasi, nendeni mkaandikishe.

Wasia unaweza kufanywa kwa njia tatu. Unaweza kufanywa mbele ya notere au ofisa wa eta sivili. Unaweza kuandikwa kwa mkono wa mwenyewe, wote tangu mwanzo hadi mwisho, ukiwa na tarehe na sahihi. Na mtu aliye karibu kufa anaweza kusema kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili watu wazima. Wasia hauwezi kuwanyang'anya watoto robo tatu yao. Lakini unaweza kusema nani atasimamia kugawa mirathi. Ikiwa hakuna wasia, kazi hiyo huenda kwa mrithi aliye mkubwa kwa umri, au yule ambaye warithi watamchagua akikataa.

Fungu na ufunguo

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Sheria inasema mafungu ni sawa. Lakini mashini haigawanyiki kama kikwembe. Ukiikata saba, hupati mashini saba ndogo, unapata chuma. Familia nyingi zimeua biashara kwa kutafuta haki, na nyingine zimeua haki kwa kutaka kuokoa biashara.

Sisi tumejifunza kutenganisha mambo mawili. Fungu ni la wote: kila mtoto, na mama, ana sehemu yake katika thamani. Ufunguo ni wa mmoja: anayeijua kazi ndiye anayeifanya, analipwa kwa jasho lake, na kidogo kidogo anawalipa wengine mafungu yao. Anayeshika ufunguo siyo lazima awe mkubwa, wala siyo lazima awe mvulana. Ni yule ambaye wateja tayari wanamwita kwa jina.

Na sisi wenyewe tulikuwa tunahubiri bila kutenda. Mmoja wetu ni mama aliyeuza vikwembe kwa miaka 30. Magoti yalimchosha, lakini kila mwaka alisema, "Mwaka kesho." Mwishowe tulimwambia: mama, unapatanisha watoto wa watu, na wako? Alimchagua binti wa nne, aliyekuwa akienda naye sokoni tangu udogo. Kijana wa kwanza alikasirika, hakuja nyumbani miezi miwili. Tukaketi naye. Tulipomwonyesha kwenye daftari thamani ya bidhaa, madeni, na fungu lake limeandikwa sawa na la dada yake, hasira haikuisha siku ile, lakini alitia sahihi. Kilichokuwa kinamuuma, alisema, ni kufikiri kwamba amefutwa.

Mama naye aliona taabu. Wiki za kwanza alirudi sokoni kila asubuhi, akibadilisha bei ambazo binti ameshasema. Ilibidi tumkumbushe kwamba ufunguo uliotolewa hauvutwi kwa kamba.

Namna ya kufanya

Tunawapa hatua ambazo tumezijaribu. Hazihitaji fedha nyingi.

1. Anza na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika bidhaa, vyombo, unaowadai, wanaokudai, na wapi unanunua. Asiyejua kuandika amwite mtoto wa shule, mbele ya mke au mume wake. Tengeneza madaftari mawili, yakae mahali pawili.

2. Fundisha kwa zamu. Mwezi wa kwanza mtoto anatazama. Kisha anauza nawe ukiwa kando. Kisha mpeleke kwa wenye kukuuzia kwa jumla, umtambulishe: "Huyu ni mimi." Mwisho mwachie mwezi mzima. Akikosea ukiwa hai, kosa lina dawa.

3. Weka fungu la mzee. Kubaliana, kabla ya kutoa ufunguo, mzee atapata nini kila wiki au kila mwezi, na nani atalipa dawa zake. Liandikwe. Mzee asiombe; apokee. Hilo ndilo linaloondoa hofu ya masimango.

4. Ita familia yote, hata wale mnaokosana nao, hata watoto wa mama mwingine. Sema kwa sauti yako nani anashika ufunguo na kwa nini, na mafungu ya wengine ni yapi. Neno linalosemwa chumbani kwa mmoja ndilo linalozaa vita sebuleni.

5. Andika na tia sahihi. Wawepo mashahidi wasio warithi: chefu wa avenyu, mchungaji au shehe, jirani mwema. Kama unaweza, upeleke wasia kwa ofisa wa eta sivili.

6. Usisahau simu. Siku hizi fedha nyingi za meza ziko ndani ya simu, na mara nyingi namba imeandikishwa kwa jina la mtu mwingine. Mzee akifa na namba ya siri kichwani, fedha inalala. Andikisha namba kwa jina lako, na mtu mmoja unayemwamini ajue ni namba gani na ina fedha ya nani. Fedha ya kikundi cha akiba isichanganywe na yako.

7. Kwa parsele mliyoiacha: tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ardhi ni ya serikali, na karatasi yenye nguvu ni certificat d'enregistrement. Kama una karatasi ya kuuziana tu, itunze hata hivyo, na andika majina ya majirani wa pande zote nne waliokuwapo uliponunua. Watoto waliozaliwa ukimbizini hawajui mpaka uko wapi. Waambie sasa.

Kwa viongozi

Machefu na viongozi, mna kazi yenu. Mtu akifa katika mtaa wenu, siku ile ile hesabuni vitu vya biashara mbele ya mjane, watoto na mashahidi, na muandike. Msikubali kufuli ya mtu yeyote kabla familia haijakaa. Msichukue zawadi kwa kuandika. Sahihi inayonunuliwa haina rafiki. Baraza la familia likishindwa, na kamati kama yetu ikishindwa, njia ni tribunali ya amani, siyo mapanga wala kumwita mtu mwenye bunduki. Tumeona mtu akimwita mwenye bunduki ili ampatie duka. Mwenye bunduki ndiye aliyebaki na duka.

Na ninyi vijana, msiwaulize wazee, "Utanipa nini?" Waulizeni, "Nifundishe nini kwanza?" Swali la pili hufungua mlango ambao la kwanza huufunga.

Mwisho

Turudi kwa yule mama wa vikwembe. Januari 2025, vita vilipoingia Goma, mabenki yalifungwa, na jamaa yake ikatawanyika pande tatu. Mama alifika upande mmoja, binti upande mwingine. Daftari moja lilipotea njiani. La pili lilikuwa na binti. Kwa daftari lile aliwafuata wadeni mmoja mmoja, akawaonyesha mstari wenye sahihi yao. Wengine walilipa, wengine walikuwa wamepoteza vyote kuliko yeye, akawasamehe au akawangoja. Kwa kilichopatikana alianza tena na vikwembe kumi na viwili tu. Fungu la mama lilipungua, lakini halikukatika. Na kaka mkubwa, yule aliyekasirika, ndiye aliyembebea mzigo wa kwanza.

Hatuwaahidi kwamba daftari litazuia vita. Halikuzuia. Lakini vita vya nje vilipokuja, nyumba ile haikuwa na vita vya ndani, na hiyo ndiyo tofauti kati yao na familia ya mota.

Basi leo jioni mkirudi, msingoje ugonjwa. Mzee akae na mama, wachukue daftari la shule, waandike mstari wa kwanza: tuna nini, na nani anatudai. Hilo linatosha kwa siku ya kwanza. Atakayekwama aje kwetu. Hatutozi kitu.